Usinune Kwenye Kituo cha Tatu

Jumamosi iliyopita, mchana kweupe, jua likiwa utosini na ugali ukiwa umetulia tumboni, Masalu Lushinge alijilaza kwenye kochi la sebuleni kwake, Luchelele, Mwanza, akasema anafumba macho kidogo tu. Akaota.

Lakini ili ndoto yenyewe ieleweke, ni vizuri ijulikane alilala na nini kichwani.

Masalu ni fundi cherehani. Hajui kuendesha mashua. Akikaa ndani ya mashua hushika pande zote mbili kama mtu aliyepakiwa kwenye karai. Hata hivyo klabu ya mashua za tanga ilimchagua kuwa mpimaji wake kwa sababu mbili: ana futi, na hashindani na mtu.

Mashua zenyewe zinaitwa Furu, jina la wale samaki wadogo wa ziwani wenye miiba mingi. Ni mashua ndogo za mbao, za mtu mmoja, na sharti lake kubwa ni kwamba zote zifanane, ili anayeshinda ashinde kwa akili na mikono yake, si kwa kuwa na mashua nyembamba kuliko ya mwenzake. Kuhakikisha zinafanana ndiyo kazi ya Masalu. Anacho kiolezo, ubao uliokatwa kwa umbo la tumbo la Furu. Mashua inapinduliwa, kiolezo kinalazwa juu ya tumbo penye alama tatu zinazoitwa vituo, na pale kinapokataa kukaa, hapo pana maneno.

Jumamosi hiyo asubuhi kilikataa. Mashua iliyokataliwa inaitwa Usinune, na mwenye Usinune ni Nyanzobe, mwalimu wa kemia wa sekondari, mke wa Masalu wa ndoa.

Wakati wa masika Usinune aligonga jiwe. Nyanzobe akamtibu mwenyewe: alikata ubao mpya, akaupachika ubavuni, akaupiga msasa, akapaka rangi ya buluu. Kazi nzuri kwa macho. Ila pale penye kiraka, kwenye kituo cha tatu, tumbo lilikuwa limevimba.

Bwana Tungaraza alikuwepo. Ana duka la vifaa vya ujenzi, na ndiye bingwa wa mwaka jana. Si mtu mbaya. Aliinama, akatazama pale kiolezo kilipokwama, akasema kwa upole, "Mpimaji, hiyo ni milimita saba."

Kanuni ya Saba inasema hivi: tumbo la mashua litapimwa mashua ikiwa tupu, na patakuwa na uvumilivu wa milimita tano. Yaani ukikosea kwa tano, unavumiliwa. Ukizidisha, hushindani.

"Ni saba pamoja na rangi," alisema Nyanzobe. "Kanuni inasema ipimwe ikiwa tupu. Tupu ni bila kitu juu yake. Mtu aliyevaa shati si mtupu."

"Mama Malimi," Tungaraza alimjibu, akimwita kwa jina la binti yake, "tupu ni bila kitu ndani yake. Chungu kitupu hakikwanguliwi masizi. Zetu zote zimepimwa na rangi zake. Tukianza kukwanguana, kesho kila mtu atakuja hapa na msasa mfukoni."

Wote wawili wakamgeukia Masalu. Naye akaona kwamba wote wawili wamesema kweli, na hiyo ndiyo ilikuwa taabu yake.

"Nitatoa uamuzi jioni," akasema.

Kesho yake, Jumapili, kulikuwa na mashindano ya kuchagua mashua mbili za kwenda Bukoba. Nyanzobe alikuwa ameyasubiri kwa miaka. Mwaka mmoja aliugua malaria, mwaka mwingine upepo ulikatika katikati ya ziwa akarudi kwa kupiga maji kwa viganja. Sasa mashua yake ilikuwa mikononi mwa mumewe, na klabu nzima ilikuwa ikitazama mumewe atafanya nini.

Nyumbani Nyanzobe alimpakulia kichwa cha sato, sehemu anayoipenda, na hilo lilimuumiza Masalu kuliko kama angemnyima. Sahani yake mwenyewe aliifunika bila kuigusa.

"Baba Malimi," akasema, "usinipendelee. Lakini usinikatae kwa kuogopa kusemwa."

Akatoka nje kufua. Masalu akaenda kwenye kochi.

Mara yuko kwenye banda la mashua. Kiolezo kimekaa kwenye cherehani yake, kimevaa miwani yake.

"Umechelewa," kinasema.

"Nilikuwa nakula."

"Basi wewe mwenyewe si mtupu. Toka nje, uingie tena ukiwa na njaa."

Masalu anatoka nje, anaingia tena akiwa na njaa. Si kazi ngumu.

Usinune amelala kifudifudi juu ya vigoda viwili, kidevu chake kimeegemea gunia. Masalu haoni ajabu kwamba ana kidevu. Anachoona ni kwamba hajamsalimu.

"Habari za tangu asubuhi, shemeji?"

"Nzuri, shemeji," anajibu Usinune. Anamwita shemeji kwa kuwa Nyanzobe ni dada yake. Hilo halihitaji maelezo. "Dada amekula?"

"Hajala."

"Nilijua. Asubuhi alinipapasa mgongo mara mbili. Mtu mwenye njaa hupapasa mara moja tu, mwenye huzuni mara mbili."

"Mazungumzo baadaye," Kiolezo kinakatiza. "Kanuni inataka mashua tupu. Mpimaji, toa vilivyomo."

Masalu anamgeuza Usinune na kuingiza mkono. Anatoa kopo la kuchotea maji. Anatoa kamba. Anatoa kandambili moja ya kulia. Anatoa upepo wa mwezi wa saba uliokunjwa vizuri kama shuka la wageni, anauweka kando. Kisha anatoa kicheko cha Nyanzobe, kile cha siku Tungaraza alipopinduka mbele ya mgeni rasmi akiwa bado anampungia mkono. Kicheko kinazunguka banda mara mbili, kinakaa juu ya rafu na kuning'iniza miguu.

"Endelea," kinasema Kiolezo.

Anaingiza mkono tena, anagusa kitambaa. Mama mkwe wake anashuka kutoka ndani ya mashua, kapu la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kichwani.

Masalu anatazama pembeni haraka, kama inavyompasa mkwe. "Shikamoo, mama. Nipokee kapu?"

"Marahaba, baba. Pokea. Humu ndani pana nafasi, ila mnaweka kamba vibaya."

Anakaa kwenye benchi na kuanza kuongea na kicheko cha binti yake kuhusu bei ya mihogo. Hakuna anayemsumbua.

"Kimebaki nini?" kinauliza Kiolezo.

"Kuna giza kidogo huku mbele, kwenye omo," anasema Usinune. "Lakini ni langu. Nilizaliwa nalo."

"Litoke."

Masalu analitoa giza, analitundika kwenye msumari. Lina uzito wa koti la mvua.

"Sasa twende kituo cha tatu."

"Kituo cha tatu ni hapa ubavuni," anasema Masalu, akionyesha alama kwa kidole.

"Hiyo ni kwa waendao kwa miguu," kinajibu Kiolezo. "Wapimaji hupanda treni."

Na kweli Masalu amekaa kwenye treni. Usinune yuko mapajani mwake, hana uzito kabisa kwa kuwa ni mtupu. Behewa limejaa abiria wenye vifurushi. Kondakta anapita, anawatazama, anamtobolea Masalu tiketi, anasita mbele ya mashua.

"Huyu ni mzigo au mtu?"

"Ni shemeji yangu."

"Basi nusu nauli."

Treni inaondoka. Masalu anachungulia dirishani kuona Mwanza ikipita, na anagundua kwamba chini hakuna reli. Kuna hewa, mawe makubwa ya Mwanza yakiwa yamekaa juu ya mengine, na mbuzi mmoja anayetazama juu.

"Kondakta, reli iko wapi?"

"Kwani wewe si ndiye mpimaji?" Kondakta anamshangaa. "Kitabu chenu kinasema vipimo vyote vianzie kwenye mstari wa kufikirika kutoka omo hadi tezi, kutoka mbele ya mashua hadi nyuma. Hii treni inapita juu ya mstari huo. Kwa hiyo ufikirie, bwana. Tunakutegemea."

Masalu anafikiria mstari. Anaunyoosha kwa akili yake kama anavyonyoosha uzi kabla ya kuupitisha kwenye tundu la sindano. Treni inakwenda sawasawa. Abiria wanalegea, mmoja anamenya chungwa.

Kisha, bila kukusudia, Masalu anakumbuka suruali ya mteja iliyobaki bila mfuko. Treni inapinda vibaya kushoto. Machungwa yanaporomoka.

"Mpimaji!" anapiga kelele mama mmoja. "Fikiria reli! Tuna watoto humu!"

"Samahani, mama."

"Samahani haina magurudumu!"

Anafikiria reli. Reli, reli, reli. Mbele, nyuma, mbele, nyuma. Kituo cha kwanza kinapita, kina watu wanaopunga mikono. Kituo cha pili kinapita. Halafu, polepole kama maji yanavyoingia kwenye mkeka, sahani ya Nyanzobe inamjia akilini. Ile iliyofunikwa. Anajaribu kuisukuma. Haisukumiki. Anaona mikono ya mkewe ikikamua shati lake kwenye beseni, kwa sababu hata leo, siku ya leo, amefua shati lake.

Mstari unapinda. Mara hii haupindi vibaya, unapinda taratibu kama mto, na abiria hawapigi kelele. Mama aliyepiga kelele anasema tu, "Haya, tumeshajua tunakwenda wapi." Treni inashuka Luchelele, inapita katikati ya kamba ya nguo bila kuangusha hata kibanio, inaingia kwa mlango wa nyuma na kusimama jikoni kwa Masalu. Juu ya jiko pana kibao: KITUO CHA TATU.

"Mwisho wa safari," anatangaza kondakta. "Mkishuka angalieni vichwa, pana sufuria."

Kiolezo kimeshafika. Hakielezi kimepita njia gani. Usinune analazwa juu ya meza, tumbo juu, karibu na sahani iliyofunikwa. Kiolezo kinajilaza juu yake, kinasogea, kinakwama palepale kilipokwama asubuhi.

"Aje anayehusika," kinasema.

Kwenye ukingo wa kikombe cha chai amesimama bibi kizee wa urefu wa milimita tano. Amejifunga vizuri, ana kifimbo chembamba kuliko unywele.

"Shikamoo, bibi. Wewe ni nani?"

"Marahaba. Mimi ni Uvumilivu."

"Uvumilivu upi?"

"Ule wa milimita tano. Wapo wakubwa zaidi, ila wamekwenda kufanya kazi kwenye ndoa za watu."

Masalu anamnyanyua kwa ncha ya kidole, anamweka juu ya tumbo la Usinune, penye kiraka. Bibi anasimama wima kando ya uvimbe. Uvimbe unamzidi kimo. Anaupiga kwa kifimbo chake, anatikisa kichwa.

"Umenipita."

"Huwezi kujinyoosha kidogo tu, bibi? Hata kwa vidole vya miguu?"

"Mjukuu wangu, kila mwaka naulizwa swali hilo. Leo nijinyooshe kwa ajili ya mkeo, kesho kwa ajili ya Tungaraza, keshokutwa kwa mtoto wa mwenyekiti. Mwisho wake nitakuwa mrefu kama mlingoti, na hizi mashua zenu zitakuwa mabeseni. Nyanzobe atashinda nini ndani ya beseni?"

Masalu anajua bibi amesema kweli, na anajua Nyanzobe angesema hivyohivyo.

"Imekataliwa," kinasema Kiolezo, na hakisemi kwa ubaya.

"Ningenuna," anasema Usinune kwa sauti ndogo, "lakini jina linanikataza."

Hapo Masalu anamwona shemeji yake amelala pale mezani, hana hata giza lake, na anajisikia mtu mdogo kuliko Uvumilivu.

"Subirini," anasema. "Namtaka Kanuni ya Saba mwenyewe."

Kabati la vyombo linafunguka. Anatoka mwanamume mfupi aliyevaa pajama, anapiga miayo. Anaeleza kwamba wako ndugu kumi na mbili, kwamba Kanuni ya Sita ni kaka yake na anahusika na usukani, na kwamba yeye alidhani leo amepumzishwa. Anaomba chai. Masalu anammiminia.

"Mzee, hili neno tupu, ulilitumia kwa maana ipi? Bila kitu ndani, au bila kitu juu?"

"Mimi sikulitumia. Nililikuta limeshakaa." Kanuni ya Saba anapuliza chai. "Walioniandika walikuwa na njaa, na mvua ilikuwa inakaribia. Mmoja akasema, tuandike tupu, tutafafanua baadaye. Wakaenda kula. Samaki wa siku hiyo lazima walikuwa watamu, kwa sababu waandishi hawakurudi."

"Lakini walitaka nini?"

"Walitaka mtu asiongeze kitu kwenye mashua ili amzidi mwenzake. Hilo tu. Rangi hawakuifikiria. Na nikuambie kweli, wewe na mkeo pia hawakuwafikiria."

Sufuria inatoa sauti moja ya kupoa.

Masalu hafikirii tena mstari. Anafanya anachofanya kila siku: ananyoosha mkono na kupitisha kiganja juu ya tumbo la Usinune, polepole, kama anavyopapasa koti ambalo mtu amesahau kitu ndani ya bitana. Mbao inapita laini. Kiraka kinapita laini. Kisha kiganja kinakutana na kitu ambacho si laini. Ni vijipele vingi chini ya rangi, vingi mno.

"Shemeji, hapa pana nini?"

"Naona haya kusema."

"Sema tu."

"Pananiwasha tangu siku ya rangi. Sikutaka dada ajisikie vibaya. Alikuwa amejitahidi sana, na alikuwa anaimba."

Masalu anaingiza ukucha chini ya ukingo wa rangi. Rangi inanyanyuka kama pindo la shati. Kutoka ndani inasikika sauti nyembamba: "Tunaweza kutoka?"

"Tokeni."

Anatoka mdudu mmoja mdogo, mweusi, mwenye mabawa membamba yanayopitisha mwanga. Ni wale wadudu wa ziwani, wanaopanda juu ya maji kama moshi wa shamba linaloungua, na kuingia kwenye chai, kwenye nywele na kwenye mazungumzo. Anainamisha kichwa kwa heshima.

"Samahani kwa usumbufu. Tulikuwa tunapita, tukakuta rangi mbichi."

"Mko wangapi?"

"Hatujawahi kuhesabiwa. Maisha yetu ni mafupi, mtu akianza kuhesabu hafiki."

Kiolezo kinasogea karibu. Masalu naye anainama.

"Niambieni jambo moja. Nyinyi ni rangi?"

"Hapana, mzee."

"Ni mbao?"

"Mbao? Sisi?" Ndani ya rangi kunasikika kicheko cha umati. "Hata kidogo."

"Basi ni nini?"

Mdudu anafikiri.

"Nadhani ni abiria."

Kiolezo kinavua miwani ya Masalu. Kanuni ya Saba anaweka kikombe chini.

"Abiria," anarudia Kanuni ya Saba.

"Mashua yenye abiria si tupu," anasema Masalu polepole, akitembea juu ya maneno yake kama mtu anayevuka mto kwa mawe. "Tungaraza anasema tupu ni bila kitu ndani yake. Hawa ni kitu, na wamo ndani ya rangi. Mke wangu anasema tupu ni bila cha kuifunika. Hawa wameifunika. Kwa maana ya Tungaraza na kwa maana ya mke wangu, huyu si mtupu. Kwa hiyo asubuhi sikupima mashua. Nilipima watu waliopanda."

"Wadudu," anarekebisha mdudu, kwa adabu.

"Wadudu waliopanda. Rangi ibaki, kwa sababu wenzake wote wamepimwa na rangi. Abiria washuke. Apimwe upya. Na akizidi tena, basi amezidi."

Kanuni ya Saba anakiinua tena kikombe chake. "Umenielewa," anasema, "kuliko waliokwenda kula."

"Abiria wote washuke!" anatangaza kondakta, ambaye kumbe alikuwa bado amesimama mlangoni.

Wanatoka chini ya rangi ya buluu. Wanajipanga wawili wawili, vichwa vyote upande wa mlango, wala hakuna anayemsukuma mwenzake. Foleni inashuka mguu wa meza na kupita mbele ya sahani ya Nyanzobe bila kuigusa. Rangi inakaa chini na kutulia. Kiolezo kinajilaza tena, na mara hii kinalala mpaka chini kama mtoto aliyeshiba.

Bibi Uvumilivu anaingia kwenye nafasi iliyobaki. Ananyoosha miguu, anajigeuza upande mmoja, anajigeuza upande wa pili.

"Hii sasa ndiyo nafasi," anasema. "Nimesimama tangu asubuhi. Acha nilale."

"Lala, bibi," anasema Masalu.

"Bibi gani huyo?"

Nyanzobe alikuwa amesimama mbele ya kochi, mikono ikiwa bado na povu. Masalu alikaa ghafla. Nje shati lake lilikuwa likidondosha maji kwenye kamba.

"Nyanzobe," akasema, sauti bado nzito ya usingizi, "siku ile uliyompaka rangi Usinune, wadudu wa ziwani walipanda?"

Nyanzobe alijifuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Nilikuwa peke yangu pale ufukweni. Sijamwambia mtu." Akakaa kwenye mkono wa kochi. "Walikuja kama wingu, Baba Malimi. Nilijifunika uso, nikachuchumaa. Walipopita, kiraka chote kilikuwa cheusi. Rangi ilikuwa imebaki chini ya kopo. Nikasema hawa ni vumbi tu, nikawapaka juu."

"Sasa kwa nini hukusema asubuhi?"

"Niseme nini? Kwamba mashua yangu ni nene kwa sababu ya wadudu? Mwalimu mzima wa kemia? Tungaraza angecheka mpaka wiki ijayo." Akamtazama mumewe vizuri. "Na wewe je, usingizini unaongea na bibi yupi?"

"Nitakueleza njiani. Kwanza kula."

Alikula, naye Masalu alikaa kumtazama mpaka mwisho.

Saa za jioni walikuwa bandani. Masalu alisimama mbele ya Usinune, futi shingoni, akatoa uamuzi wake mbele ya Tungaraza na wanachama wachache waliokuja kuona mume atamfanya nini mke. Alisema rangi ni sehemu ya mashua, hapo Tungaraza ana haki. Alisema kilichonaswa ndani ya rangi si mbao wala rangi, na kanuni inataka mashua tupu, hapo Nyanzobe ana haki. Alisema atakwangua penye kiraka tu, itapakwa rangi mara moja kama za wengine, na itapimwa upya.

"Na ikiwa chini ya rangi hakuna wadudu?" aliuliza Tungaraza. "Ikiwa ni mbao iliyovimba?"

Masalu hakumtazama mkewe. Aliogopa angeona uso wake, na sauti ingemponyoka.

"Basi imekataliwa, na nitatamka mimi mwenyewe."

"Sawa," alisema Tungaraza. Akamkabidhi kisu cha kukwangulia kutoka mfukoni mwake.

Masalu akakwangua. Magamba ya buluu yalianguka sakafuni, moja, mengine mawili. Yalionekana ya kawaida tu. Nyanzobe alikuwa ameshika upande wa mashua, na kiganja chake kilikuwa kikimpapasa Usinune, kikarudi, kikampapasa tena. Gamba kubwa lilipong'oka, chini yake palikuwa peusi, na hapo mtu mmoja nyuma akasema, "Lahaula."

Mbao ya kiraka ilionekana, nyeupe na iliyonyooka. Walipaka rangi safu moja, jua la jioni likaikausha. Kiolezo kikawekwa, kikashuka karibu mpaka chini. Masalu aliingiza kipimo chake kwenye nafasi iliyobaki mara tatu, si kwa shaka, bali kwa raha.

"Milimita tatu," akasema.

"Ni tatu," akakubali Tungaraza, akampa Nyanzobe mkono. "Tuonane majini, Mama Malimi. Huko hakuna wa kukutetea."

"Wala wewe," alisema Nyanzobe, na mara akacheka, kicheko kirefu kilichozunguka banda lote.

Jumapili yake Tungaraza alishinda. Nyanzobe alifuata wa pili, karibu kiasi kwamba walipovuka mstari walikuwa wakijibizana. Watakwenda Bukoba wote wawili.

Lakini Jumamosi ile, kabla hawajafunga banda, Nyanzobe alichukua ufagio akaanza kukusanya magamba ya rangi. Tungaraza aliinama akaokota lile kubwa kuliko yote, akaligeuza upande wa ndani, akalisogeza dirishani penye mwanga. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Mpimaji," akaita, "hebu njoo uone hawa wadudu. Mbona wamejipanga wawili wawili, vichwa vyote upande mmoja?"

Masalu alitazama juu ya bega lake.

"Wanashuka," akasema.